Boti Niliyoizamisha Mwenyewe

Shemeji yangu alipokuja na panga kupiga alama kwenye boti ya marehemu mume wangu, mi nilikuwa namenya mihogo nje ya mlango, hatua kama ishirini tu kutoka pale, na sikuinuka. Alipiga alama mbili. Moja mbele ya mulingoti, nyingine nyuma, karibu na sanduku la mbao lililofunika moteri. Ndiyo kusema vipande vitatu: cha mbele chake yeye, kaka mkubwa, cha kati cha mdogo wao, cha nyuma, pamoja na chuma chote cha moteri, cha baba mukwe. Aliifanya kazi ile polepole, kwa adabu, na alipomaliza akaja kunisalimia na kuuliza watoto wameamkaje. Nikamwambia wameamka vizuri. Kisu changu kilikuwa kinaondoa ganda la muhogo na nusu ya muhogo wenyewe.

Hakuwa mtu mbaya. Naliandika hilo mapema kwa sababu kwa miezi kadhaa sikuweza hata kulifikiria. Alifuata desturi ya ukoo wao, na desturi yenyewe ilikuwa hivi: mwenye boti akifa, boti yake inavutwa juu ya mchanga siku ya maziko, na hairudi majini mpaka wafiwa wamenyoa nywele. Kisha inangojwa karamu ya kumaliza kilio, ndipo mali inagawanywa. Kitu kinachofanya kazi kinabaki kizima kwa mkono unaokifanyisha kazi. Kitu kilichokufa kinakatwa, kila mmoja achukue sehemu yake. Mume wangu alikufa mvua zikiisha. Boti ikakaa juani kiangazi kizima, na tulipokuja kunyoa nywele mbao zake zilikuwa zimeachana kiasi kwamba mtoto wangu wa mwisho alipitisha kidole katikati na kuniita nikione upande wa pili.

Ukitaka kujua kwa nini nilikasirika vile, haikuwa kwa ajili ya mbao. Boti ile ndiyo iliyonikalisha Baraka. Ilibeba ndagala wakavu, mawese, chumvi, mbuzi na watu, kati ya Baraka, Nundu na ng'ambo ya Ubwari. Bila boti sikuwa na kazi pale, na mjane asiye na kazi wala mume anarudi kwao. Kwetu ni Fizi, juu mulimani. Lakini watoto wangu watatu walikuwa wa ukoo wa baba yao, mahari ilikwisha kutolewa, hakuna wa kubishana. Ningepanda mulima peke yangu. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu ambaye bado hakuweza kupata usingizi bila kushika sikio langu.

Nilimwendea baba mukwe. Alikuwa mzee wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama pembeni.

"Baba," nikamwambia, "boti ikienda Ubwari na kurudi, mutasema imekufa ama iko muzima?"

Akafikiri. "Ikienda na ikirudi, iko muzima."

"Basi munipatie mpaka siku ya karamu."

Shemeji alikuwepo, akacheka kidogo. "We mutoto ya mulima, unajua hata boti inaanziaka wapi?"

Jina hilo walinipa tangu nilipoolewa. Mara ya kwanza mume wangu kunivusha nilitapika kutoka Baraka mpaka Ubwari, nikakataa kurudi mpaka wakaniahidi nitalala chini kifudifudi. Watu wa ziwa hawasahau jambo kama hilo. Basi nikamjibu kwamba mi naijua, inaanzia pale alipopiga panga, na baba mukwe alipokubali kwa kichwa nikaenda zangu.

Fundi alitoka Nundu. Alikuwa mzee aliyetumika miaka mingi kwenye kiwanda cha pamba, na mashini za kule zilimwua sikio moja. Hakuamini lile lililobaki. Akitaka kusikia ugonjwa wa moteri, alikuwa anauma kijiti, anakigusisha kwenye chuma, anafumba macho. Alisema meno hayadanganyi. Siku moja mume wangu alimvusha mke mgonjwa wa fundi huyo mpaka Kalundu, mvua inapiga, bila kumuuliza kitu, na nilipomtumia salamu za kuja hakuuliza kitu vilevile. Alikuja na mfuko wake wa vyuma vya kufungulia moteri, kle na turnevisi, akaizunguka boti mara mbili.

"Mama," akasema, "iko na matundu mingi kuliko mbao."

"Ndiyo maana nimekuita."

"Mi natengenezaka moteri. Mbao ni ya kwenu."

Mbao basi tukazifanya kwa njia iliyojulikana pale: pamba na mawese. Pamba haikutushinda. Leta, yaani serikali, ilimlazimisha kila mtu kuilima, na ile ya njano iliyokataliwa kwenye mizani ilijaa pembeni mwa kila nyumba. Bamama wa jirani wakaleta kila mmoja kikapu chake, na kila mmoja alitaka pamba yake iingie. Tukaichovya kwenye mawese, tukaipigilia kati ya ubao na ubao kwa nyundo ya mti na kipande cha chuma. Kaza, kaza, ndiyo ilikuwa kelele ya siku nne. Mi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Kila pigo nililipa sura ya shemeji, na ninakiri lilinipa raha kubwa. Tulipomaliza usingeweza kupitisha hata wembe. Bamama walizunguka wakipapasa, kila mmoja akionyesha sehemu yake.

Fundi naye alikuwa amefungua moteri. Ilikuwa ya esanse, yaani petroli, ya silinda moja, mume wangu aliikuta imekwisha zeeka alipoichukua kwa muuza nguo aliyechoka nayo. Pistoni ilishikwa na kutu, ikalowekwa kwa mafuta siku mbili, ikigongwa taratibu kwa mti, mpaka ikakubali kushuka. Buji, inayotoa cheche, ilisuguliwa kwa mchanga. Pampu ya maji ya kupoza ilikuwa na ngozi ndani iliyokauka na kupasuka, na ngozi hiyo haikupatikana kwa muuzaji yeyote. Tuliokolewa na mchunga ng'ombe aliyeshuka kutoka Minembwe na siagi yake kutafuta chumvi. Alisimama kutazama, akauliza fundi anatafuta nini, kisha akakata kipande cha mkanda wake mwenyewe, ngozi nene ya ng'ombe wa kwao. Aliondoka akishika suruali kwa mkono mmoja, na chumvi yake nilimpa mi mwenyewe, kifurushi kikubwa.

Tukaifunga moteri, ikanyooshwa sawasawa na ule mti wa chuma unaotoka kwake mpaka kwenye elisi, lile panga la nyuma linalosukuma maji. Fundi akazungusha manivela, mkono wa chuma wa kuiwashia, na moteri ikaitika pale pale juu ya mchanga. Aliizima haraka isije ikaungua bila maji, lakini kila mtu aliisikia. Nililala usingizi mzito siku hiyo, wa kwanza tangu kilio.

Tukaisukuma majini. Siku ya kwanza ilikaa kavu kabisa. Siku ya pili tulijaribu moteri, na hapo mambo yakaanza kuharibika. Ilitetemeka mpaka sahani za chakula zikaruka kwenye ubao. Mti wa chuma ulisaga mahali unapotokea nje, ukatoa harufu ya kuungua. Fundi akauma kijiti chake, akakitoa mdomoni upesi kana kwamba kimempiga.

"Huu muti umepinda, mama. Wa kuunyoosha hapa hayuko."

Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa nasonga uji. Nikasikia mlio kutoka ufukweni, kavu, mmoja tu. Nilipofika, ubao mzima wa ubavuni ulikuwa umejitoa na misumari yake, mbavu tatu za ndani zimepasuka, na maji yanaingia bila haraka. Pamba yetu nzuri ilikuwa inaning'inia nje.

Watu walisaidia kuivuta tena juu. Shemeji alishika kamba pamoja nao. Hakucheka. Alinijia akaniambia, "Pole, shemeji. Umejaribu," kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko kicheko chote cha Baraka. Mtu anayekucheka bado anapigana nawe. Yeye alikuwa amekwisha maliza. Ilibaki kama majuma matatu kabla ya karamu.

Nikachukua jembe nikaenda shambani, si kwa sababu ya kulima, kwa sababu kulikuwa na udongo wa kupiga. Mvua ilikuwa bado haijanyesha na ardhi ilikuwa ngumu. Nilipiga, nikalia, nikapiga, mpaka chuma cha jembe kikachomoka kwenye mupini, kikaruka mbele yangu. Nilikitukana. Kisha nikafanya alichofanya mama yangu, na bibi yangu, na kila mwanamke wa Fizi kila kiangazi mupini ukikauka na kulegea: nikakirudisha chuma mahali pake, nikashuka kijitoni, nikalilaza jembe zima ndani ya maji, nikaweka jiwe juu yake. Nikakaa pembeni kungoja mti unywe uvimbe.

Sikumbuki nilikaa muda gani. Najua tu kwamba nilikuwa nikilitazama jembe langu chini ya maji, na polepole nikapata hasira mpya, safari hii juu yangu mwenyewe. Hakuna mtu Fizi anayejaza kitambaa kwenye tundu la jembe lililokauka halafu aloweke. Mupini utavimba, hautakuwa na pa kwenda, utapasuka. Jambo hilo nililijua tangu sijaota meno ya pili. Na boti ni nini kama si mti mkubwa uliokauka? Tuliijaza ikiwa imesinyaa, tukaikaza bila kuiachia nafasi hata ya unywele, kisha tukaipa maji. Ilikunywa, ikavimba, ikajivunja mbavu.

Watu wa ziwa hawakulijua hilo, na hawakuwa wajinga. Boti zao zinalala majini mwaka mzima, hazikauki hata siku moja. Iliyokauka ni ya marehemu peke yake, na ya marehemu kwa kawaida inakatwa. Hakuna aliyewahi kuhitaji kuifufua.

Nilimkuta fundi anafunga mfuko wake arudi Nundu.

"Tutaizamisha," nikamwambia.

"Iko tayari imezama, mama."

"Imezama vibaya. Mi nataka tuizamishe vizuri."

Akanitazama kwa huruma, na mi nilikuwa nimeshiba huruma siku hiyo. Nilimwambia akae chini. Nilimwekea jembe mapajani, mupini bado unachuruzika, nikamwambia achomoe chuma. Akavuta. Akaweka mguu, akavuta tena, chuma hakikutoka. Nikamweleza habari yote, kwa sauti kubwa, upande wa sikio lake zima, na nadhani pia nilimwita mzee kichwa ngumu. Kisha akaweka jembe chini taratibu, akasema jambo ambalo mi singeweza kulijua.

"Mu kiwanda mashini zilikaa juu ya simenti. Simenti haivimbake." Akajishika kidevu. "Mi nilinyoosha muti wa moteri boti ikiwa kavu, juu ya muchanga. Mu maji mbao zikavimba, boti ikageuka sura. Huu muti haukupinda, mama. Ni boti njo ilisogea chini yake."

Alikuwa na nusu ya jawabu na mi nilikuwa na nusu, na wote wawili tulikuwa tumekasirika kwa siku tatu tukiwa nazo mfukoni.

Kazi ikaanza upya. Tulitoa moteri. Tulichomoa pamba yote kwa ndoano, na kuitoa kulikuwa kazi ngumu mara mbili ya kuiingiza, kwa maana nilikuwa nimeipiga mi. Mbavu zilizopasuka tulizibadilisha kwa matawi ya mti wa muvula yaliyopinda yenyewe, tukayachonga mpaka yakakaa. Ubao uliotoka tuliurudisha, tukaufunga kwa bulo za kukazwa kwa kle badala ya misumari. Kisha tukaisukuma boti mpaka pale maji yanapofika kiunoni, na nikaomba mawe.

Bamama waliyabeba kwa vikapu, kichwani, kwa mstari. Waliudhika kwamba pamba yao imetolewa, lakini walikuja. Nusu ya Baraka ilikuja pia, kutazama. Boti ilianza kunywa kwenye kila tundu, mawe yakaingia, ikashuka, na watu wakasema waziwazi, bila kunong'ona, "Kilio kimemupanda mu kichwa huyu mama." Shemeji alikuja mbio, suruali imekunjwa, akaingia majini mpaka magotini.

"Shemeji, hii ni mali ya ukoo unazamisha."

"Iko pale pale ulipoiacha," nikamwambia. "Ukitaka kipande yako, piga mbizi ukate."

Ufukwe wote ulicheka, na safari hii walimcheka yeye. Akarudi nchi kavu kujikamua suruali. Boti ikakaa chini, ikabaki mulingoti na ncha ya mbele tu juu ya maji, ncha yenyewe kama pua ya kiboko.

Siku sita ilikaa pale. Kila asubuhi niliingia majini kabla ya kupika, nikapapasa chini kati ya ubao na ubao. Siku ya pili kidole cha mtoto bado kilipita. Siku ya tatu kilikwama. Siku ya tano ukucha wangu tu ndio uliingia, tena kwa shida, na nilisimama kwenye maji yale peke yangu nikicheka kama mwehu, nikijua kabisa wanaopita wanasema nini. Sikujali. Watoto wangu waliigeuza boti uwanja wao, wakitembea juu ya kingo zake maji yakiwa vifundoni, na kwa mbali walionekana kama wanatembea juu ya ziwa.

Siku ya saba tukatoa mawe na kumwaga maji kwa vyungu na sufuria. Ikainuka yenyewe, nzito, nyeusi, imefumbata. Iliyobaki ilikuwa kuziba nafasi ndogo ndogo, na hapo nilikuwa mkali. Pamba ilisokotwa uzi mwembamba, ikachovywa mawese, ikaingizwa kwa kidole gumba na kijiti. Nyundo nilizificha zote. Mama mmoja aliyezoea kupiga alinuna akaniambia hii ni kazi ya kushona, si ya boti. Nikamwambia ashone basi.

Moteri tuliirudisha boti ikiwa inaelea, na hii ndiyo sehemu ninayojivunia kuliko zote. Kuna visahani viwili vya chuma vinavyokutana, kimoja cha moteri, kingine cha ule mti wa chuma, na lazima vitazamane sawasawa pande zote kabla ya kufungwa bulo. Fundi alizoea kupima kwa vidole, lakini vidole vyake vilikuwa vimechomwa na kukatwa na miaka ya kiwanda, havikusikia tena kitu chembamba. Nikachukua ganda la muhindi, lile jembamba la ndani linalofunika punje, nikalipitisha kati ya visahani. Juu lilibanwa. Chini likapita bure. Fundi akachonga kipande chembamba cha mti, akakiweka chini ya mguu wa moteri, nikapima tena. Kushoto likabanwa. Akachonga tena. Tulishinda tukifanya hivyo tangu asubuhi, mi nikisema "kidogo", yeye akinung'unika kwamba hajawahi kuongozwa na muhindi. Jua likiwa limeinama, ganda likapita juu, chini, kushoto, kulia, likisuguliwa sawasawa. Akakaza bulo. Akazungusha manivela. Moteri ikaitika, na sahani hazikuruka. Fundi akauma kijiti chake, akafumba macho, akasikiliza, halafu akatabasamu mpaka kijiti kikadondoka majini.

Siku ya karamu shemeji alikuja na msumeno umefungwa kwa kitambaa. Sikumlaumu, karamu ndiyo siku yenyewe. Aliuegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu, akaingia botini pamoja na baba mukwe, aliyekuwa amevaa koti lake la kanisani. Tulikuwa wanne: wao wawili, fundi, na mi kwenye usukani. Sikulala kifudifudi.

Tulikwenda Ubwari bila shida. Baba mukwe alishuka, akakanyaga mchanga wa ng'ambo kwa miguu yote miwili, akapanda tena, akasema, "Tumefika. Turudi." Tulipokuwa kama katikati, upepo umeanza kuinuka, moteri ikakohoa mara mbili ikazimika. Nilisikia maji yakipiga ubavu, na zaidi ya hapo kimya, na nikaona uso wa mtoto wangu wa mwisho waziwazi kabisa, kana kwamba nimekwisha muacha.

Kabla sijafungua mdomo, shemeji alikuwa amesimama. Alishika kamba akapandisha tanga, lile tanga la zamani nililolitia viraka vya magunia, na mikono yake ilifanya kazi bila yeye kufikiri, maana mtu wa ziwa hawezi kuiona boti inapigwa ubavuni akakaa tu. Akaninyang'anya usukani.

"Baba hakusema ni ya kurudi na moteri ama na tanga," akasema, akitazama mbele. "Alisema irudi tu."

Ningeweza kukubali. Lakini nilikuwa nimekuja mbali mno kurudi na nusu ya boti. Nilifungua bomba la esanse kwa kle ya fundi. Ndani, mahali pembamba kuliko pote, kulikuwa na kipande cha pamba, kidogo sana, ile pamba yetu ya siku za kukaza, kilichodondoka kwenye tanki bila mtu kukiona. Nilikitoa kwa pini ya kitambaa changu cha kichwa, nikapuliza bomba kwa mdomo, nikatema esanse nikahisi ulimi unawaka. Fundi akazungusha. Ikaitika. Basi tukaingia Baraka na tanga limejaa na moteri inanguruma, shemeji kwenye usukani na mi mdomo unanuka kama duka la mafuta, na ufukweni watu walipiga vigelegele ambavyo sikuwa nimevisikia tangu harusi yangu. Nililia tena, na sikujificha.

Baba mukwe hakushuka mara moja. Aliinua mbao za sakafu, akaingiza mkono chini mpaka kwenye kiwiko, akautoa. Ncha za vidole tu ndizo zilizolowa. Aliwaonyesha watu mkono ule.

"Iko muzima," akasema. "Ni ya mama ya batoto. Na batoto wabaki kwa mama yao." Kisha akaenda kula.

Shemeji alibaki. Nilimwona anakwenda ukutani, nikadhani anachukua msumeno wake, lakini aliupita. Alichukua kopo langu la mawese na pamba iliyobaki, akarudi, akachuchumaa mbele ya alama ya kwanza aliyoipiga kwa panga. Akachovya kipande cha pamba, akaanza kukishindilia kwenye jeraha lile kwa kidole gumba, kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka, bila kunitazama.

"Polepole, shemeji," nikamwambia. "Uachie mbao nafasi ya kunywa."

Akalegeza mkono. "Hivi?"

"Hivi."

Akamaliza ya kwanza, akasogea kwenye ya pili. Watoto wangu watatu walikuwa wamekwisha panda botini, mmoja mbele, mmoja katikati, na mdogo nyuma juu ya sanduku la moteri, na hakuna mtu aliyewaambia washuke.